Utani Uliokuwa Hauna Mwenyewe

Haya jamani, leo tuache kidogo mambo ya programu tuongee juu ya utani. Vijana wa Kenya waliutumia kuwasema wakubwa zamani sana, hata kabla ya mtandao.

Miaka ya 1980, chini ya Rais Moi, kupatikana na kijikaratasi cha Mwakenya kulitosha kukupeleka jela. Mzaha wa ndani ya matatu haukuwa na karatasi. Ukiulizwa nani kausema, unajibu tu: nilisikia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaja Redykyulass, vijana watatu walioigiza sauti na mikogo ya Rais kwenye televisheni. Nchi ikacheka hadharani, na hofu ikapungua.

Kisha ikaja simu ya rununu. Arafa ya mzaha ilizunguka nchi nzima bila aliyeitunga kujulikana. Lakini njia hiyo hiyo ilibeba chuki baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mwaka 2010 serikali ikaanza kusajili laini za simu kwa kitambulisho. Hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Juni 2024 vijana waliupinga Mswada wa Fedha. Rais Ruto walikuwa wamemwita Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, na barabarani wakaimba ashuke mtini. Picha za kuchekesha zilieleza ushuru wa mkate haraka kuliko hotuba yoyote. Tarehe 25 waliingia Bungeni, watu wakapigwa risasi. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi mswada huo.

Wengi wamesimulia ushindi huo. Mimi naangalia Desemba 2024, vijana kadhaa walipotekwa baada ya kuweka mtandaoni picha za kumkejeli Rais. Polisi walikana kuhusika. Baadhi yao waliachiliwa Januari 2025.

Tofauti ni nini? Mzaha wa matatu haukuwa na mwenyewe. Wa leo una akaunti, saa, na mara nyingi namba ya simu yenye kitambulisho nyuma yake. Unafika mbali zaidi, lakini unamrudia aliyeutuma.

Basi ndugu zangu tunaounda tovuti na programu, data usiyoihitaji usiihifadhi. Usiulize namba ya simu kwa mazoea tu. Kile ambacho hakimo kwenye hifadhidata, hakuna atakayekuja usiku kukidai.