Sylvia: Baleti ya Kisasili Mikononi mwa Watunzi wa Leo

Sylvia ni baleti ya vitendo vitatu iliyooneshwa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Juni 1876 katika jumba la Palais Garnier, Paris, lililokuwa limefunguliwa mwaka mmoja tu kabla. Muziki ni wa Léo Delibes, miondoko ni ya Louis Mérante, na kisa kilichotwa katika Aminta, tamthilia ya Mwitaliano Torquato Tasso. Sylvia ni binti wa msituni, mfuasi wa Diana, mungu wa kike wa uwindaji, na ameapa kutompenda mwanamume yeyote. Mchungaji Aminta anampenda; mwindaji Orion anamtaka kwa nguvu. Sylvia anafyatua mshale kuilenga sanamu ya Eros, mungu wa mapenzi, na unampata Aminta. Eros naye anamchoma Sylvia mshale wake, na papo hapo chuki inageuka mapenzi.

Hapo ndipo kisa kinapopwaya. Mapenzi yanayoingia kwa mshale hayamwachii mhusika nafasi ya kuamua lolote. Muziki, kinyume chake, haujawahi kuhitaji mtetezi. Tchaikovsky, baada ya kuusikia Vienna mwaka 1877, alimwandikia rafiki yake kwamba baleti yake mwenyewe, Swan Lake, si kitu mbele yake. Katika kitendo cha tatu wapiga fidla huacha pinde na kudonoa nyuzi kwa vidole, huku Sylvia akienda kwa hatua fupifupi juu ya ncha za vidole vya miguu. Kipande hicho wanakijua hata wasiowahi kukanyaga jumba la baleti.

Frederick Ashton, aliyeitunga upya London mwaka 1952, aliwaacha miungu na mahekalu yao walivyokuwa. Dawa yake ilikuwa mchezaji mwenyewe, Margot Fonteyn, aliyetakiwa kuwa mwindaji, mateka na mpenzi katika usiku mmoja. Akiwa ametekwa pangoni mwa Orion, Sylvia haishii kulia: anawachezea watekaji na kuwanywesha mvinyo mpaka wanalala. Mwaka 1967 Ashton aliifupisha ikawa kitendo kimoja, na toleo kamili halikurudi jukwaani London hadi Christopher Newton alipolifufua mwaka 2004. Mwaka huohuo Mark Morris aliiandalia San Francisco Ballet Sylvia yake na, ingawa ni mtunzi anayejulikana kwa mzaha, hakuwacheka miungu.

Aliyethubutu zaidi ni John Neumeier, mwaka 1997, kwa ajili ya baleti ya Opera ya Paris. Pango la Orion liligeuka dhifa ya wanaume waliovaa suti, na muungano wa furaha wa wapenzi mwishoni ukafutwa. Sylvia na Aminta wanakutana tena baada ya miaka mingi, wakiwa wamechelewa, na Sylvia anaondoka na mwanamume mwingine. Toleo hili linamrudishia Sylvia uamuzi wake, ingawa shangwe ya Delibes mara nyingine hukosa pa kutua. Hata hivyo, kati ya majibu yote, hili ndilo linalokabili udhaifu wa kisa ana kwa ana.

Halikuwa neno la mwisho. Manuel Legris, aliyecheza Aminta wa Neumeier, alipotunga Sylvia yake Vienna mwaka 2018 alirudi kwenye kisasili cha zamani, miungu wakiwemo, na mwaka uliofuata La Scala ya Milan ikalichukua toleo hilo.