Bukari ku Lubumbashi, nshima ku Zambia: kula kwa majirani

Kutoka Lubumbashi kufika Kasumbalesa kuko kilometa karibu 90. Wakaaji wa Haut-Katanga wanavuka mpaka huo kila siku kwenda Chililabombwe, Chingola, Kitwe ao Ndola: wengine kwa biashara, wengine kwa matibabu, wengine kuona ndugu, maana familia nyingi ziko pande zote mbili. Chakula wanachokuta kule ni kilekile cha nyumbani. Majina na desturi ndivyo vinabadilika, na mgeni asiyevijua anaweza kubaki na njaa ao kumuumiza mwenye nyumba bila kutaka.

Majina ya kujua

Bukari ku Zambia inaitwa nshima. Wabemba wanasema ubwali, neno lililo karibu na bukari. Pale Copperbelt inapikwa na unga wa mahindi. Mu jimbo la Luapula na la Kaskazini wengi wanatumia unga wa muhogo.

Mboga, yaani kitu chochote cha kulia bukari, kikiwa nyama, samaki ao majani, inaitwa umunani kwa Kibemba na ndiwo kwa Kinyanja. Sombe ni katapa. Matembele ni kalembula. Ndagala ni kapenta. Majani yaliyopikwa na karanga za kutwanga yanaitwa ifisashi. Mikate ya mafuta ya asubuhi ni vitumbuwa. Munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachochachushwa na mizizi ya pori, haibadilishi jina.

Chikanda pia inajulikana pande zote mbili. Ku Katanga wengi wanasema kikanda. Ni viazi vidogo vya maua ya orkidi ya pori, vinavyosagwa na kupikwa pamoja na karanga na pilipili mpaka vinagandamana, kisha vinakatwa vipande kama mkate. Wazambia wanaipenda sana, na viazi vingine vinatoka Kongo na Tanzania. Lakini orkidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa pori. Mwenye kuvusha gunia la viazi hivyo bila ruhusa ya serikali anaweza kunyanganywa mali yake.

Desturi za kula

Mbele ya chakula, mtoto ao kijana analeta maji na kumimina juu ya mikono. Anaanza na mgeni na wazee. Watu wanakula kwa mkono wa kuume: unakata kitonge, unakiviringisha, unakitoboa kidogo na kidole gumba, kisha unachota mboga. Kumaliza nyama mbele ya bukari ni aibu, sawa na ku Lubumbashi. Kama kuku amechinjwa, firigisi ni ya baba wa nyumba ao ya mgeni wa heshima, mtoto haigusi.

Kukataa chakula kabisa kunaumiza. Aliyeshiba anaonja kidogo, halafu anasema « natotela », yaani asante kwa Kibemba. Mu vijiji vingine wanaume na wanawake wanakula mbalimbali. Mgeni anangojea aonyeshwe pa kukaa.

Kunawa si heshima tu. Ugonjwa wa kolera ulioanza Zambia mwezi wa Oktoba 2023 uliua watu zaidi ya 700, na Haut-Katanga nayo inaujua ugonjwa huo. Kunawa wote mu beseni moja kunaweza kueneza vijidudu. Kuomba maji ya kumiminwa na sabuni si kumdharau mtu.

Unga unaovuka mpaka

Undugu huu wa sahani ni wa zamani. Njia ya reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910, na unga wa mahindi wa Rhodesia ulilisha wafanyakazi wa migodi ya Union Minière. Wengi wao nao walitoka upande huo wa kusini. Hivyo bukari ya mahindi ikawa chakula cha muji.

Mpaka leo Lubumbashi inategemea sana mahindi na unga wa Zambia. Mwaka wa 2024 ukame uliharibu karibu hektari milioni 1 kati ya milioni 2,2 za mahindi yaliyopandwa Zambia, na tarehe 29 Februari serikali ya kule ikatangaza msiba wa taifa. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo, Zambia ilifunga mipaka yake na Haut-Katanga kwa siku chache, sababu ya mzozo juu ya bia na vinywaji vya sukari ambavyo Kongo ilikataza kuingia. Mambo ya namna hiyo yanagusa moja kwa moja sufuria ya mama mu Kenya ao mu Katuba: mahindi yakikosa ku Zambia, ao barriere ikifungwa, unga unapanda bei, na familia inapunguza vitonge ao inaongeza muhogo.

Kwa hiyo anayealikwa nshima kule Copperbelt ajue kwamba unga ule ndio unaongojewa pia nyumbani kwake. Katika mwaka wa ukame, mwenye nyumba anayemwekea mgeni sahani iliyojaa ametoa kitu kikubwa, hata kama pembeni kuna kalembula tu.