Kuzimua vanishi

Kuzimua vanishi ni kuongeza kiyeyushi katika vanishi ili iwe nyepesi, ipenye kwenye mbao na ipakike bila michirizi. Katika mkoa wa Tanga, nchini Tanzania, ni kazi ya kawaida ya maseremala wa miji kama Handeni na Korogwe wanaotengeneza milango, vitanda na makabati.

Aina za viyeyushi

Kila vanishi ina kiyeyushi chake. Vanishi ya mafuta huzimuliwa kwa tapentaini. Vanishi ya selulosi huzimuliwa kwa tina, ambayo ni mchanganyiko wa viowevu kama toluini na asetoni. Sheleki huyeyushwa kwa spiriti, na vanishi ya maji huzimuliwa kwa maji. Tapentaini ikitiwa katika vanishi ya selulosi, vanishi hiyo hugandamana na kuharibika.

Wakati wa masika, unyevu wa hewa huweza kuifanya vanishi ya selulosi iwe na ukungu mweupe. Kuongeza tina ya kawaida hakuondoi tatizo hilo. Ni afadhali kusubiri siku kavu.

Hatari

Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na unaweza kufikia jiko la mkaa au cheche za mashine zilizo mbali na kopo. Mvuke wa toluini huweza kushika moto kuanzia takriban 4°C, ilhali joto la mchana Korogwe mara nyingi hupita 30°C. Petroli ni hatari zaidi, hivyo haifai kutumiwa badala ya tina.

Kuvuta mvuke huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Kwa miaka mingi huweza kudhuru ubongo na neva. Banda lililozungushiwa turubai ili kuzuia vumbi huzuia pia mvuke usitoke. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Inayofaa ni yenye kichujio cha mkaa maalumu.

Utaratibu salama

* Kusoma maelekezo ya kopo, kisha kujaribu mchanganyiko kwenye kipande cha mbao.
* Kuchanganya mahali penye hewa, mbali na moto, sigara na swichi za umeme.
* Kutia kiyeyushi kidogo kidogo huku ukikoroga.
* Kutoweka tina katika chupa ya maji ya kunywa, kwani mtoto anaweza kuinywa.
* Kutandaza nje matambara yenye mafuta ya kitani hadi yakauke. Yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe.

Huduma ya kwanza

Aliyezidiwa na mvuke hupelekwa kwenye hewa safi. Aliyemeza kiyeyushi asitapishwe, kwa kuwa kinaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na kopo lake. Moto wa tina huzimwa kwa mchanga au kizimamoto cha unga, si kwa maji, ambayo huutawanya. Nambari ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nchini Tanzania ni 114.