Kigae na Marumaru: Habari za Sakafu na Kuta katika Viunga vya Dar es Salaam

Neno kigae lina maana mbili katika Kiswahili, na maana hizo zimeachana kama ufukara na ukwasi. Kwanza ni kipande cha chungu kilichovunjika, kitu cha kutupwa jaani. Pili ni bamba la udongo uliochomwa motoni, litandikwalo sakafuni, ukutani au juu ya paa. Katika mitaa ya Kinondoni na Temeke maana hii ya pili husemwa zaidi kwa jina la marumaru, na wengine hutamka malumalu, ijapokuwa marumaru kwa asili ni jina la jiwe, nalo limetoka katika Kiarabu. Udongo umevikwa jina la jiwe. Mabadiliko haya si ya bure: yanaonyesha heshima ambayo watu wa mwambao wamekipa kwa muda mrefu kila kitu king'aacho katika nyumba.

Sanaa ya kupamba kuta kwa vigae ni ya kale sana. Huko Misri, chini ya piramidi ya mfalme Djoser katika Saqqara, vyumba vilipambwa kwa vigae vya rangi ya buluu yapata miaka 4,600 iliyopita. Katika Uajemi, mji wa Kashan ulisifika katika karne ya 13 kwa vigae vyake vya kumetameta. Waswahili walifanya biashara na Waajemi karne nyingi, lakini hawakuiga desturi hiyo kama ilivyokuwa. Walijenga kwa mawe ya matumbawe, wakapaka chokaa, wakaezeka kwa boriti za mikoko. Juu ya boriti walimwaga chokaa na kokoto, kisha watu wengi wakaipiga mpaka ikashikana. Hiyo ndiyo sakafu. Na ajabu ni kuwa asili ya neno hilo katika Kiarabu ni paa au dari. Huenda sababu ni kwamba katika nyumba ya ghorofa kitu ni kimoja: dari ya aliye chini ndiyo sakafu ya aliye juu.

Mahali pa vigae Waswahili waliweka vyombo. Kilwa Kisiwani, katika msikiti mdogo wenye kuba, bakuli za kung'aa zilipachikwa darini. Katika nyumba za waungwana wa Lamu, vyombo vya kaure vilipangwa katika zidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyonakshiwa kwa chokaa. Na katika Kunduchi, ndani ya Kinondoni yenyewe, yako makaburi ya nguzo, mengi yao ya karne ya 18, yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina. Mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alipozuru pwani ya Tanganyika mwaka 1955, alistaajabia wingi wa vipande vya kaure, akaona kuwa historia ya nchi hii iliyofukiwa ardhini imeandikwa kwa vyombo hivyo. Kwa maneno mengine, kigae cha maana ya kwanza, kile cha jaani, ndicho shahidi wa wanahistoria.

Nyumba za Waafrika katika Magomeni na Temeke ya zamani hazikuwa na mapambo hayo. Zilikuwa nyumba za miti na udongo, zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Sakafu ilikuwa ya udongo ulioshindiliwa, nayo ilitaka kukandikwa kila mara. Sementi ndiyo iliyoleta mageuzi ya kwanza, na kiwanda cha Wazo, kilichoanza kuitoa mwaka 1966, kiliisogeza karibu na mjenzi wa kawaida. Mwenye uwezo alipiga niru, yaani alisiliba sementi laini juu ya sakafu mpaka ikateleza kama kioo. Wakati huo mji ulikuwa mdogo: hesabu ya mwaka 1967 ilionyesha watu 272,821. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Umati huu wote umehitaji mahali pa kukanyaga.

Kwa miaka mingi vigae vya sakafu viliagizwa ng'ambo, navyo vilikuwa alama ya tajiri. Hali ilianza kubadilika viwanda vikubwa viwili vilipojengwa katika Mkoa wa Pwani, kimoja Mkuranga, katika njia ya Kilwa kusini ya Temeke, na kingine Chalinze, ambacho kilianza kazi mwaka 2017. Tangu hapo, kitu kilichokuwa cha sebule za wakubwa kimeingia katika vyumba vya kupangisha. Dalali atafutaye mpangaji hukitaja mapema, pamoja na maji na umeme.

Faida zake ni dhahiri. Kigae ni baridi kwa mguu wakati wa joto, hakinywi maji, na ndoo moja na kitambaa hutosha kukisafisha. Lakini kina masharti. Fundi mwema hufuata uzi na pima maji, na katika bafu huinamisha sakafu kidogo ielekee tundu la maji. Fundi wa haraka huacha uwazi chini ya kigae, nacho kikigongwa hulia kitupu, na siku moja hupasuka. Tena kigae cha kung'aa sana, kifaacho ukutani, ni hatari katika choo chenye maji, hasa kwa wazee. Anayechagua kwa jicho peke yake humsahau atakayepita hapo usiku.

Liko jambo jingine zito zaidi. Katika makaburi ya Kinondoni mengi yamejengewa na kufunikwa vigae, na watu hudhani kuwa hiyo ni fasheni mpya. Kwa hakika ni desturi ya Kunduchi iliyorudi kwa sura nyingine: waliopo humheshimu aliyekwenda kwa kitu king'aacho. Lakini katika makaburi ya kale ya mwambao bakuli nyingi zimekwisha kung'olewa, yakabaki matundu, na nyumba za mji zinaendelea kuyakaribia. Mji ununuao vigae kwa maelfu ya maboksi haukosi mali ya kuzilinda bakuli chache zilizosalia. Unalokosa ni kutambua kuwa ni mali yake. Bakuli ikishang'olewa haisemi tena ilitiwa na nani wala kwa ajili ya nani. Inarudi katika ile maana ya kwanza ya neno, kipande kisicho na mwenyewe. Watu wa Kinondoni na Temeke wanaojivunia marumaru zao wana haki ya kujivuna. Na wanahistoria wana wajibu wa kuwaambia kwamba fahari hiyo ina wazee wake, nao wamelala Kunduchi.