Kutwa Moja Miongoni mwa Nyumba za Costermansville

Wiki chache zilizopita, katika rasi ya Muhumba mjini Bukavu, ilibomolewa nyumba moja ya zama za Wabelgiji, yenye pembe za mviringo na vidirisha vya duara mfano wa vile vya meli, ili mahali pake pajengwe jumba la ghorofa nyingi. Na habari hiyo ilipotufikia huku Nyangezi, aliyehuzunika kuliko wote alikuwa mzee mmoja wa miaka themanini na mitano, mwashi aliyekwisha kuuweka mwiko wake, ambaye katika ujana wake alikoroga saruji na kupandisha matofali katika kuta za mji ule. Nilimwomba anionyeshe zile zilizobaki, naye akaridhia, kwa sharti moja: kwamba tuanze asubuhi mapema, kwa kuwa nyumba hizo, alisema, zilijengwa kulitazama jua.

Basi tuliondoka alfajiri, tukapita Nyantende na Panzi, hata jua lilipochomoza tukawa tumekwisha kufika barabara ya Patrice Lumumba, ambayo Wabelgiji waliiita Avenue Royale. Tarikhi ya mji yajulikana na wengi: rasi tano zilizonyooka ndani ya ziwa Kivu kama vidole vya mkono, jina la Costermansville lililowekwa mwaka 1927 kwa kumkumbuka Paul Costermans, naibu gavana mkuu wa zamani, ile Comité National du Kivu iliyoundwa mwaka 1928 na kuwagawia walowezi ardhi, kisha jina la Bukavu kurudishwa katika miaka ya 1950. Wenye mashamba ya kahawa na kwinini walipopata faida walitamani maskani kama ya Ulaya, na Ulaya ya siku zile ilikuwa imevutwa na mtindo wa ardeko, uliopata jina lake kutokana na maonyesho ya sanaa za mapambo yaliyofanyika Paris mwaka 1925.

Mzee hajui jina hilo, wala halihitaji. Yeye aliyaita majengo hayo "nyumba za kuviringa", akanisimamisha mbele ya mojawapo katika rasi ya La Botte, akapitisha kiganja juu ya pembe yake taratibu kama mtu apapasaye shingo ya ng'ombe. Alinifahamisha kwamba tofali halina mviringo, na kwa hiyo kila tofali la pembe ile lilichongwa peke yake kwa nyundo, likajaribiwa, likachongwa tena, na timazi ikashushwa mara nyingi kuliko katika ukuta mzima ulionyooka. "Pembe ya mraba humwongoza fundi, mwanangu," alisema, "lakini ya mviringo humngoja fundi aiongoze." Akanionyesha pia kile kipaa cha saruji kilichotokeza juu ya madirisha, ambacho mpita njia hukidhania kuwa pambo, ilhali kazi yake ni kuyazuia maji, kwani mvua za Bukavu huanza Septemba na kuendelea mpaka Mei, na ule ukuta mfupi wa juu ulioficha paa la bati, ili nyumba ionekane kana kwamba haina paa kabisa. Baba yake, kama alivyonisimulia, alijifunza kuchoma matofali katika misheni ya Mapadre Weupe iliyofunguliwa Nyangezi mwaka 1906, na elimu hiyo ndiyo iliyomfikisha mwana katika kuta za walowezi. Lakini jioni, kazi ikiisha, Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana katika mitaa ile pasipo kibali.

Mbele ya nyumba ya tatu palizuka mabishano. Ukuta wake wa upande wa ziwani una mabaka mengi ya saruji, ya ukubwa wa kiganja, na mzee mwingine aliyekuwa ameketi barazani akatueleza kwa yakini kwamba hayo ni majeraha ya Agosti 1964, waasi wa Simba walipoushambulia mji na Kanali Léonard Mulamba wa jeshi la taifa akawarudisha nyuma. Fundi wetu alikataa katakata. Mabaka yale, alisema, ni ya mwaka 1967, naye ayajua kwa sababu aliyaziba kwa mkono wake. Mwaka huo Jean Schramme, mlowezi wa Kibelgiji aliyegeuka kiongozi wa mamluki, aliuteka mji wa Bukavu mapema mwezi Agosti akiwa na mamluki mia na zaidi pamoja na askari wa Katanga waliokaribia elfu moja, akamtolea Rais Mobutu onyo la siku kumi. Mobutu hakumjibu kama alivyotaka, na jeshi la taifa likauzingira mji. Kwa takriban miezi mitatu zile sebule zilizojengwa kwa ajili ya kahawa na muziki zikawa ngome, hata shambulio la mwisho lilipowasukuma mamluki, mwanzoni mwa Novemba, kuuvuka mto Ruzizi na kuingia Rwanda. Mji waliouacha nyuma ulikuwa umetobolewa na kuporwa. Fundi alirudi kutoka Nyangezi kwa miguu akiwa na mwiko mfukoni, na kwa muda wa miezi kadhaa, alisema, hakujenga chochote kipya, bali aliziba tu. Yule wa barazani hakushawishika, nasi tukaachana nao mjadala ukiwa hai. Mimi nauamini mkono uliokoroga saruji ile.

Yaliyofuata ni mafupi. Mwaka 1973 mali za wageni zikatwaliwa. Vita vikaja na kurudi. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko likazitikisa kuta. Na watu wakazidi kumiminika mjini, hata bustani zikakatwa vipande na kila kipande kikapata nyumba. Siwalaumu wenye dhiki ya makao. Nawalaumu wenye uwezo, wabomoao ukuta uliostahimili mizinga, bila hata picha moja kupigwa kwanza. Asmara, mji wa Eritrea uliojengwa na Waitalia katika zama hizo hizo, uliandikwa mwaka 2017 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nasi tuna nini, hata daftari la majina ya nyumba?

Alasiri tulipanda Bagira, nikidhani ziara imekwisha, lakini kwa Mzee huko ndiko kulikokuwa muhimu. Hapa Office des Cités Africaines, iliyoanzishwa mwaka 1952, iliwajengea Waafrika vijumba vya safu, visivyo na pembe za mviringo wala vipaa vya fahari, ila vimepangwa kwa hesabu ile ile ya kisasa: mwanga, hewa, mfereji wa maji. Mama mmoja alitukaribisha, Mzee akaomba radhi, akaingia na kutazama sakafu, akaigonga kwa fimbo mara tatu. Kisha akaketi kizingitini, akaanza kunitajia mafundi aliofanya nao kazi, mmoja mmoja, na kijiji cha kila mmoja, nami nikayaandika majina yao hata giza likaingia.