Farasi katika Mwambao wa Gede

Mji wa Gede, uliostawi karibu na Malindi hadi karne ya 17 na ambao magofu yake yalianza kuchimbuliwa na James Kirkman mwaka 1948, ulipokea kaure za Kichina na shanga kutoka ng'ambo, lakini farasi, kipenzi cha Waarabu waliofanya biashara na mwambao huu, hakuota mizizi huko. Tangu karne ya 10 msafiri Mwarabu al-Masudi aliandika kwamba watu wa nchi ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki, hawakuwa na farasi, bali walipanda ng'ombe. Sababu kubwa ni mbung'o, nzi anyonyaye damu ambaye hata leo yumo katika msitu jirani wa Arabuko-Sokoke, na aenezaye nagana, maradhi ya vimelea vya damu yanayomkondesha farasi hadi afe. Unguja mambo yalikuwa mengine kabisa: mtawala wake, Sayyid Said bin Sultan, alifuga farasi wa Kiarabu kwa mapenzi makubwa, na binti yake Salme, katika kumbukumbu zake za mwaka 1886, alisimulia watoto wa jumba la Mtoni walivyofunzwa kuwapanda. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said, Sultana, ilifika New York ikiwa na farasi wawili, zawadi kwa rais wa Marekani.