Wazee Wetu wa Bara: Treni, Mizigo na Njia ya Kigoma

Al Amerat hakuna treni. Ukitaka kwenda Bausher unawasha gari, unapanda njia ya mlimani, basi. Lakini kaa na wazee wetu wanaosema Kiswahili, utawasikia: stesheni, behewa, Tabora, Kigoma. Sie tuliozaliwa huku tumezowea hadithi moja tu: jahazi, Unguja, karafuu, halafu Maskati. Hadithi ya kweli, ila inawaacha nje watu wa bara.

Tuanze kabla ya reli. Karne ya 19, msafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora ulichukua kama miezi 2 au 3 kwa miguu. Mpagazi mmoja alibeba kiasi cha frasila 2, yani kilo 30 na kitu. Ndo uzito wa sanduku lako la ndege, begani, kwa karibu kilomita 800! Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira. Lakini njia ileile ilipitisha watumwa pia, na wafanyabiashara wenye asili ya Oman walikuwemo kwenye biashara hiyo. Tukihadithia, tusiliruke hilo.

Mwaka 1905 Wajerumani wakaanza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914: jumla kama kilomita 1,250, na walioijenga kwa mikono ni Waafrika kwa maelfu. Mwaka 1928, wakati wa Waingereza, tawi la kutoka Tabora likafika Mwanza.

Kwa familia zenye duka bara, mambo yakageuka. Bidhaa zikaja kwa behewa badala ya kichwa cha mtu. Na likizo ikawezekana: mama na watoto wakaweza kushuka pwani kuona jamaa kwa siku chache tu za safari, wakarudi na masanduku, mafurushi na makapu. Mwendo ambao zamani ulimaliza msimu mzima.

Kigoma reli iliisha, safari haikuisha. Mizigo ilihamia melini, ikavuka Ziwa Tanganyika kwenda Burundi na Kongo. Meli ya Liemba ilianza kuhudumu ziwani humo kwa jina hilo mwaka 1927. Ndo maana utawakuta Waomani wanaochanganya Kiswahili na Kifaransa, na hawajawahi kuishi Unguja hata siku moja.

Treni mpya ya umeme ya Dar es Salaam–Dodoma imeanza 2024, na inafuata kwa kiasi kikubwa mkondo wa reli ile ya zamani. Likizo hii ukiipanda, utakuwa kwenye njia yao.

Kabla hujaenda, muulize bibi au babu. Usiishie "tumetoka wapi?" Muulize: mlipandia stesheni gani? Mlibeba nini? Nani aliwabebea? Mrekodi kwa simu, utuletee. Majibu hayo hayamo vitabuni, na wenye nayo wanapungua kila mwaka.